Maduka ya Kona: Historia ya Majengo ya Biashara ya Dagoretti Corner na Haki za Waliomo

Abiria anayeshuka matatu ya 111 pale Dagoretti Corner hutazama kwanza magari, kisha watu, kisha mahali pa kukanyaga. Majengo huyatazama mwisho, kama huyatazama kabisa. Yako ya kila umri: duka la mawe la orofa moja lenye paa la mabati lililoshika kutu, limebanwa kati ya ghorofa la vioo na jengo ambalo bado limezungushiwa mabati ya fundi. Chini kuna bucha, kinyozi, duka la vifaa vya ujenzi, gereji, duka la dawa na M-Pesa. Juu kuna nguo zilizoanikwa.

Haya majengo madogo ndiyo yanayopungua. Kila linapobomolewa, kuna mwenye kiwanja anayetarajia kodi ya orofa saba badala ya moja, na kuna fundi viatu au muuza bucha ambaye amefanya kazi mahali pamoja kwa miaka mingi na hajui kama ana haki yoyote. Ili kuelewa mvutano huo, inafaa kujua maduka hayo yalikotoka, ni nani aliyeruhusiwa kuyajenga, na kwa nini yalijengwa madogo hivyo.

Kwanza tuondoe mkanganyo mmoja unaowasumbua wageni. Dagoretti Corner, au Kona kama wenyeji wasemavyo, ni pale Barabara ya Naivasha inapotoka kwenye Barabara ya Ngong, kilomita zipatazo 8 kutoka katikati ya jiji. Dagoretti sokoni, penye machinjio, ni mahali pengine kabisa, huko karibu na mpaka wa Kaunti ya Kiambu. Mtu aliyeagizwa "Dagoretti" bila maelezo zaidi anaweza kupoteza asubuhi nzima.

Biashara kabla ya jengo

Biashara katika eneo hili ilianza bila duka hata moja. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pwani, ya Waswahili na Waarabu na baadaye ya Wazungu, ilipumzika Ngongo Bagas, upande wa vilima vya Ngong, kununua chakula kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Wakulima wa Kikuyu walileta maharagwe, viazi vitamu, mtama na mbuzi. Wasafiri walilipa kwa nguo, shanga na waya. Joseph Thomson alipitia huko mwaka 1883, na Samuel Teleki mwaka 1887. Soko lilikuwa uwanja wazi pembeni mwa msitu, na usalama wake ulitegemea maelewano ya siku hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa katika kazi ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala njia hiyo, Imperial British East Africa Company, alijenga ngome Dagoretti. Alifanya mapatano ya urafiki na Waiyaki wa Hinga, kisha akaendelea na safari ya Uganda na kumwachia George Wilson ngome hiyo. Mapatano hayakudumu. Wanajeshi na wapagazi wa kampuni walichukua chakula bila kulipa, wenyeji wakajibu, na kufikia mwaka 1891 ngome ilikuwa imeachwa na kuchomwa. Kampuni ilijenga nyingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa Pwani, akafia njiani huko Kibwezi. Barabara kuu ya Nairobi inayoelekea Kabete na Kikuyu leo inaitwa kwa jina lake.

Ngome hiyo haikuwa pale Kona penyewe, lakini jina la Dagoretti lilishika katika ramani tangu wakati huo na kutambaa hadi kwenye njia panda, kwenye stesheni ya reli na baadaye kwenye maeneobunge mawili.

Mabati, moto na mawe

Duka kama jengo liliingia na reli. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na pamoja nayo wakaja wafanyabiashara kutoka India waliokuwa wakifungua maduka stesheni baada ya stesheni. Aliyejulikana zaidi ni Allidina Visram, ambaye maduka yake yalitoka Pwani hadi Uganda. Jengo lenyewe lilikuwa jepesi: nguzo za mbao, kuta na paa la mabati yaliyoletwa kwa treni, chumba cha mbele cha bidhaa, chumba cha nyuma cha familia, na kibaraza mbele. Lingeweza kusimama kwa siku chache, na likifilisika, mabati yangefunguliwa na kupelekwa stesheni inayofuata.

Mwaka 1900 kanuni za kwanza za manispaa zilitangaza kuwa mji wa Nairobi ni eneo lililo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya naibu kamishna. Kona, kwa kipimo hicho, ilikuwa porini. Mjini kwenyewe maduka ya Wahindi yalibanana katika soko moja lisilo na mifereji ya maji machafu. Tauni ilipozuka mwaka 1902, maofisa waliamuru soko hilo lichomwe moto. Maduka yaliteketea, na soko likahamishwa, hatimaye likatua kwenye mtaa ulioitwa Bazaar na unaoitwa leo Biashara Street. Tauni ilirudi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na serikali ikamwita Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa mji. Ripoti yake ilipendekeza watu watengwe kwa rangi, kila kundi na mtaa wake. Ugonjwa wa panya ukawa sababu ya kuchora mipaka ya watu, na mipaka hiyo ndiyo iliyoamua nani angejenga duka wapi.

Baada ya moto huo, mawe yalianza kuchukua nafasi ya mabati mjini. Nairobi imekaa juu ya mwamba wa volkano unaochimbika na kuchongeka kwa mkono, kwa hiyo jiwe la kijivu lilikuwa rahisi kupatikana kuliko tofali. A. M. Jeevanjee alijenga soko lake mwaka 1904 na kuwapa wakazi bustani inayobeba jina lake mwaka 1906. Mwaka huo huo wa 1906 lilijengwa jengo la National Bank of India ambalo leo ni Nyaraka za Kitaifa, kwenye Moi Avenue.

Umbo lililozaliwa Bazaar ndilo lililosambaa kila kona ya nchi. Mbele kuna mlango mpana wa mbao unaokunjwa, juu yake ukuta mfupi unaoficha paa na kubeba jina la mwenye duka na pengine mwaka wa kujengwa. Kando ya mtaa paa linatoka nje na kushikiliwa na nguzo, ili mnunuzi asinyeshewe wala kuchomwa na jua. Chini ya paa hilo hukaa fundi wa nguo na cherehani yake, asiyelipa kodi ya duka zima bali ya nafasi ya kiti kimoja. Nyuma kuna ua, stoo na vyumba. Neno lenyewe, duka, limefika kwetu kutoka Kiarabu, na Wakikuyu wakalichukua wakalifanya nduka.

Njia panda iliyokuwa mpaka

Kona ilikuwa na tatizo ambalo Bazaar haikuwa nalo: ilikaa kwenye mshono wa maeneo matatu yenye sheria tofauti.

Upande wa kaskazini na magharibi, yaani Riruta, Kawangware, Waithaka na Mutuini, ilikuwa ardhi ya hifadhi ya Wakikuyu chini ya Wilaya ya Kiambu. Kusini mwa Barabara ya Ngong kulikuwa na msitu, ambao ulitangazwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1932, na mbele yake mashamba ya Wazungu, likiwemo shamba la kahawa la Karen Blixen lililouzwa mwaka 1931 na kukatwa viwanja ambavyo ndivyo mtaa wa Karen. Upande wa mashariki kulikuwa na ardhi ya jeshi ya Kibera, walikoishi wanajeshi wa Kinubi na familia zao, na nyuma yake mji.

Mhindi hakuweza kununua ardhi katika mashamba ya Wazungu. Ahadi hiyo Wazungu walipewa mwaka 1908 na ikathibitishwa mwaka 1923. Katika hifadhi, angeweza kufanya biashara tu kwenye vituo vilivyotangazwa. Mwafrika naye hakuruhusiwa kukaa mjini bila kazi na kipande, achilia mbali kumiliki jengo la biashara katika mitaa ya kati. Alichobakiwa nacho ni kiwanja katika kituo cha biashara cha hifadhi, alichokodishiwa na baraza la wenyeji. Mabaraza hayo yalianzishwa katikati ya miaka ya 1920, na ugawaji wa viwanja vya maduka ulikuwa mojawapo ya mamlaka machache yaliyokuwa na uzito kwa mwananchi.

Hapo ndipo udogo wa maduka ya zamani unapoeleweka. Watu wengi hudhani yalikuwa madogo kwa sababu wenyewe hawakuwa na maono. Ukweli ni kwamba sheria iliwafungia mlango wa mkopo. Sheria ya mwaka 1926 ilifanya iwe vigumu kwa mkopeshaji asiye Mwafrika kudai mahakamani deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 isipokuwa mkataba uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Hakuna mfanyabiashara wa jumla ambaye angejitia katika taabu hiyo. Ardhi nayo haikuwa na hatimiliki ya kuweka rehani. Kwa hiyo duka lilijengwa kwa akiba ya mfukoni: chumba kimoja mwaka huu, sakafu ya saruji mavuno yajayo, mabati mapya mtoto akipata mshahara. Ukiangalia ukuta wa duka kongwe kwa makini, mara nyingi utaona mstari ambapo jiwe linabadilika rangi. Hapo pesa ziliisha, kisha zikapatikana tena.

Mwaka 1935 sheria nyingine, ya uuzaji wa mazao ya wenyeji, iliamuru kuwa mazao fulani yanunuliwe tu katika masoko yaliyotangazwa na kwa wenye leseni. Nia ya serikali ilikuwa kudhibiti ubora na ushuru. Matokeo yake yalikuwa kwamba kituo kilichotangazwa kikapata thamani, na duka lililo ndani ya kituo likawa na thamani kuliko shamba lililo nyuma yake.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi nyumbani na malipo yao. Wengi waliona duka kama njia ya kutorudi kwenye kazi ya kibarua. Vituo vya biashara vya Mkoa wa Kati vilijaa maduka yanayouza sukari ile ile, chumvi ile ile na mafuta ya taa yale yale, na maofisa wa wilaya walilalamika kuwa yamezidi wanunuzi. Mengi yalifungwa. Majengo yalibaki.

Miaka ya Hali ya Hatari

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, duka lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuguswa. Kufungwa kwa maduka ya eneo zima kulitumika kama adhabu ya jumla, na leseni ya kufungua tena ikawa zawadi ya uaminifu kwa serikali. Tarehe 24 Aprili 1954 msako wa Anvil uliwakamata maelfu ya wakazi wa Nairobi, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, na mwaka huo huo serikali ilianza kuwahamisha watu wa hifadhi kutoka kwenye boma zao na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Dagoretti haikusalimika.

Vijiji hivyo, pamoja na kuunganishwa upya kwa mashamba na kutolewa kwa hatimiliki katika miaka ya mwisho ya 1950, ndivyo vilivyochora ramani ambayo wakazi wanaiishi hadi leo. Ardhi ya kijiji, ya shule, ya kanisa na ya maduka ilitengwa kutoka kwenye mashamba. Aliyekuwa kizuizini wakati wa ugawaji alitegemea jamaa kumtetea. Wengine walirudi wakakuta mipaka imeshapigwa. Migogoro kadhaa ya viwanja vya biashara katika Dagoretti, inayoonekana ya leo, ina mizizi katika miaka hiyo mitano.

Arcade ya Adam

Wakati hayo yakitokea magharibi mwa Kona, upande wa mashariki, dakika chache kwa gari, kulikuwa kukijengwa kitu tofauti kabisa. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Abdul Habib Adam alijenga Adams Arcade kando ya Barabara ya Ngong, mojawapo ya vituo vya kwanza nchini vilivyopangwa kwa mteja mwenye gari. Hadi wakati huo maduka ya Nairobi yalijipanga kando ya mtaa na mteja alitembea. Adam alirudisha maduka nyuma, akaacha uwanja wa magari mbele, na kuyaunganisha kwa kibaraza kimoja kirefu. Wateja waliolengwa walikuwa wakazi wa Woodley, mtaa uliojengwa na manispaa kwa ajili ya Wazungu na ambao baada ya uhuru ulipewa jina la Joseph Kang'ethe, na wa mashamba yaliyokuwa yakigeuka mitaa kuelekea Karen. Uwanja wa mbio za farasi ulihamia Barabara ya Ngong mwaka 1954, kwa hiyo magari hayakukosekana wikendi.

Ukiacha ukubwa, wazo la maduka makubwa ya kisasa ya Nairobi lilikuwa tayari hapo: maegesho kwanza, duka baadaye. Sarit Centre ya Westlands ilifuata mwaka 1983, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 The Junction ikafunguliwa karibu na Kona penyewe. Mkazi wa Riruta ambaye babu yake alinunua sukari kwa kikombe katika duka la mabati sasa angeweza kusukuma kigari katika supamaketi bila kuvuka zaidi ya barabara mbili. Duka la rejareja la Kona halikufa kwa sababu hiyo, kinyume na ilivyodhaniwa. Supamaketi haikuuzii nusu mkebe wa rangi, haikukopeshi hadi mwisho wa mwezi, wala haikukati nyama ukiitazama.

Kona yaingia Nairobi

Mwaka 1963, mipaka ilipochorwa upya kabla ya uhuru, Nairobi ilipanuliwa kutoka takriban kilomita mraba 90 hadi karibu 690. Dagoretti ilitolewa Kiambu na kuingizwa jijini. Kwa siku moja duka lililojengwa chini ya kanuni za hifadhi likajikuta chini ya kanuni za jiji. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilizotumika kwa miongo iliyofuata zilidai vipimo vya vyumba, madirisha, mifereji na vyoo ambavyo maduka mengi ya vituo hayakuwa navyo. Jiji halikuyabomoa, halikuwa na sababu wala nguvu. Yalibaki katika hali ya kati, yakilipa leseni bila kuwa na ramani zilizoidhinishwa, na hali hiyo kwa baadhi yake haijakwisha.

Katikati ya jiji mabadiliko yalikuwa ya haraka zaidi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo fulani na katika bidhaa fulani. Familia nyingi za Kihindi zilizoshika pasipoti za Uingereza ziliuza maduka yao na kuondoka, hasa mapema mwaka 1968 kabla Uingereza haijafunga mlango wake mwezi wa Machi. Wafanyabiashara Waafrika walinunua, wengine kwa mikopo ya shirika la serikali la ICDC. Mfanyabiashara aliyeanza katika kituo cha hifadhi sasa aliweza kuwa na duka River Road. Waliobaki Kona walianza kujenga juu: orofa ya pili, ngazi ya nje, vyumba vya kupangisha vyenye choo kimoja mwishoni mwa korido. Kawangware na Riruta zilikuwa zikijaa wapangaji, na chumba kililipa vizuri kuliko kaunta.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Barabara ya Ngong ilipanuliwa kuwa njia mbili kila upande, awamu za kwanza kwa msaada wa Japani hadi Kona, na kisha kuendelea hadi Karen. Wauza makochi, vitanda na miche ya maua waliokuwa wamekaa kwenye ardhi ya barabara kwa miaka waliondoka au kurudi nyuma. Hapo ndipo wengi walipojifunza tofauti kati ya duka lililo mbele na kiwanja kilicho nyuma: ardhi ya barabara haiwi ya mtu kwa sababu ameitumia muda mrefu, hata kama amekuwa akikata leseni ya biashara kila mwaka. Leseni huruhusu biashara. Haitoi ardhi.

Kwa nini duka la orofa moja linabomolewa

Sababu iliyo wazi ni kodi ya nyumba. Kuna nyingine isiyozungumzwa sana. Ada ya ardhi inayotozwa Nairobi hukokotolewa kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Kwa miongo mingi orodha ya thamani iliyotumika ilikuwa ya mwanzo wa miaka ya 1980, na ada hiyo haikuuma sana. Orodha mpya ilipoanza kutumika, viwanja vilivyo karibu na barabara kuu vilionekana kwa thamani yake ya sasa. Chini ya mfumo huo, wenye viwanja viwili vya ukubwa na thamani sawa hutozwa ada sawa, mmoja awe na ghorofa kumi na mwingine duka la mawe la babu yake. Mwenye duka anapopiga hesabu hiyo, haihitaji wakala wa nyumba kumshawishi.

Anayetaka kubomoa, kujenga upya au kubadilisha matumizi ya kiwanja anahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na sheria hiyo inamtaka pia awajulishe wananchi kuhusu mradi anaoukusudia. Jirani mwenye hoja, iwe ni kuhusu maji machafu, maegesho au ukuta unaopakana na wake, anastahili kuitoa wakati huo. Baada ya zege kumwagwa ni vigumu zaidi. Umiliki wa kiwanja unaweza kuchunguzwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa wizara ya ardhi uliozinduliwa mwaka 2021 ukianzia na Nairobi.

Kuhusu ulinzi wa majengo yenye historia, Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 huruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa la urithi. Yaliyotangazwa Nairobi mengi yako katikati ya jiji, kama Kipande House ya mwaka 1913. Maduka ya vituo vya pembezoni hayajavutia macho, pengine kwa sababu hayana nguzo za marumaru.

Mpangaji anayepewa notisi

Hili ndilo linalowahusu watu wengi zaidi, na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi. Mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa analindwa na Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji, Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965. Inamlinda hasa mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, au ambaye mkataba wake una kipengele cha kuuvunja mapema. Wapangaji wengi wa maduka ya zamani hudhani kuwa kukosa karatasi kunawaacha uchi. Ni kinyume: kukosa karatasi ndiko kunakowaingiza chini ya sheria hiyo. Risiti za kodi, ujumbe wa M-Pesa na leseni za miaka iliyopita hutosha kuonyesha kuwa upangaji upo, kwa hiyo zihifadhiwe.

Mwenye jengo anayetaka kupandisha kodi au kumtoa mpangaji wa namna hiyo lazima ampe notisi ya maandishi katika fomu iliyowekwa na sheria, yenye sababu, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokelewa. Kubomoa na kujenga upya ni sababu inayokubalika kisheria, lakini ni lazima mwenye jengo aweze kuonyesha kuwa nia hiyo ni ya kweli na kwamba kazi haiwezi kufanyika mpangaji akiwa ndani. Kutaka kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja pia ni sababu. Kwamba amepata mpangaji atakayelipa zaidi si sababu.

Aliyepokea notisi anapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au hakubali. Akipinga, apeleke shauri mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye notisi. Hapa ndipo wengi huanguka. Hujadiliana na mwenye jengo kwa mdomo, huahidiwa kwamba watazungumza, na tarehe inapita. Na notisi isiyopingwa kwa wakati hufanya kazi kama ilivyoandikwa. Shauri likishafunguliwa, notisi husimama hadi jopo liamue. Kufunga duka kwa kufuli, kukata umeme au kung'oa mabati kabla ya uamuzi huo hakuruhusiwi.

Jopo lina uwezo wa kuamuru fidia kwa mpangaji anayetolewa, kwa wateja aliojijengea na kwa maboresho aliyoyafanya kwenye jengo, ikiwa maboresho hayo yalifanywa kwa idhini ya mwenye jengo. Aliyeweka vigae, jokofu la nyama la kujengea ukutani au mlango wa chuma na aombe idhini hiyo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Sheria hii haihusu vibanda vilivyo kwenye ardhi ya barabara, wala vyumba vya kuishi, ambavyo vina sheria nyingine.

Anayetaka kujua historia ya kiwanja chake mwenyewe anaweza kuanzia Nyaraka za Kitaifa kwenye Moi Avenue. Humo mna ripoti za kila mwaka za Wilaya ya Kiambu, ambayo Dagoretti ilikuwa chini yake hadi mwaka 1963, pamoja na kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji yaliyogawa viwanja vya maduka. Jumba lenyewe lilijengwa mwaka 1906 kwa ajili ya benki iliyowahudumia wafanyabiashara wa mji mpya, katika siku ambazo mtu wa Dagoretti asingepata hapo mkopo wa kununua hata bati moja.